Mfupa Unaongoja Jino

Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa sita, chai ya saa nne ikiwa bado inafuka mvuke vikombeni, ndipo mambo yalipomwendea Chiriku mrama. Asubuhi yenyewe haikuwa na dalili ya ubaya. Jua lilikuwa limeingia karakanani kupitia dirisha la juu, vumbi la pamba likielea ndani ya mwanga bila haraka ya kutua, na mafundi walikuwa wakinong'ona kama watu ambao usingizi haujawaaga vizuri. Kisha Msimamizi akaingia, shati limepigwa pasi mpaka kola inaweza kukata mkate, akapiga makofi.

"Viti vya ukumbi wa Bodi vitoke kabla ya mchana. Wakubwa wanakutana."

"Wakubwa si wana miguu? Wasimame," akasema Chiriku, mdomo umejaa misumari.

Ndivyo alivyofanya kazi tangu ujana wake. Fundi wa makochi wa zamani hahangaiki na kopo. Misumari ile midogo huitia mdomoni, kiganja kizima, kisha ulimi huigeuza mmoja mmoja mpaka kichwa kitazame nje, na nyundo yenye sumaku huja kuunyakua msumari pale midomoni na kuupeleka kwenye ubao. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unagonga, na mdomo ndio mkono wa tatu. Mtu asiyejua akimwona hudhani fundi anaibusu nyundo yake.

Siku hiyo alikuwa akikaza mikanda ya chini ya kiti, ile inayobeba springi. Mkanda huvutwa kwa kibao chenye meno ya chuma, na kibao chake kilikuwa kimechoka, hakishiki tena. Chiriku alikwisha kulisema hilo mpaka akachoka kujisikia. Jibu la Msimamizi lilikuwa lilelile kila mara: andika ombi. Kuandika na Chiriku hawakuwa wakiamkiana. Basi akavuta mkanda kwa ile haraka ya wakubwa, kibao kikateleza, kikaruka, kikamtandika mdomoni.

Hakusikia maumivu. Alisikia mlio tu, mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa chumba cha pili. Akainama, akatema kiganjani: misumari, damu, na katikati ya misumari kipande cheupe ambacho alikitazama kitambo kizima bila kukitambua.

"Chiriku," akasema Gundi, rafiki yake wa upande wa sponji, "hilo si jino lako?"

"Ni la Bodi," Chiriku akajibu, damu ikimchuruzika kidevuni. "Limepitia kwangu tu."

Msimamizi alilitazama jino, akasema pole, akasema mtu ana mengine mengi, akauliza viti vimefika wapi.

Kweli, mtu ana mengine mengi. Lakini lile la mbele, la juu, la kushoto, lilikuwa na kazi ambayo mengine hayakuwahi kufundishwa.

Hata jina la Chiriku hakuzaliwa nalo. Mkewe ndiye aliyempa, siku za uchumba, kwa sababu ya mluzi. Haukuwa mluzi wa midomo, ambao yeye aliuona unafaa kuitia mbwa tu. Wake ulikuwa wa meno: ncha ya ulimi inaegemea nyuma ya yale mawili ya mbele, pumzi inapita kwenye mwanya, na sauti inatoka nyembamba, ndefu, ikipanda kidogo mwishoni kama mtu anayeuliza. Kila jioni akikata kona ya mtaa wao aliupiga mara moja. Mkewe akisikia anafungua mlango. Maisha yao yote ya ndoa Chiriku hakupata kubisha hodi nyumbani kwake.

Kisha mkewe akaugua kifua. Wakampeleka hospitali kubwa, wakaambiwa chombo cha kumsaidia kupumua kipo, ila kimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko semina. Semina ilihusu nini, Chiriku hakuambiwa. Mkewe alikata roho kwenye benchi la kungojea, kichwa kikiwa begani kwa mumewe, mchana kweupe, watu wakipita na mafaili kwapani. Tangu hapo Chiriku hakumpenda mtu yeyote mwenye ufunguo, mhuri, au kiti cha kuzunguka.

"Baba, hata mvua ikinyesha utasema kuna mkubwa kaifungulia," binti yake alizoea kumwambia. Binti huyo alifundisha watoto wa chekechea na alikuwa bado anaishi naye.

"Kwani imejifungulia yenyewe?"

Lakini lilikuwapo jambo ambalo hata binti hakulijua. Mafundi wakishakula cha mchana hujinyoosha kidogo, kila mtu na kona yake. Chiriku alipenda kulala juu ya kochi ambalo halijavikwa, sponji tupu, njano kama kiini cha yai. Siku moja, kitambo baada ya mazishi, kabla hajafumba macho alijikuta amepiga ule mluzi wake wa jioni. Mazoea tu, wala hakuukusudia. Usingizi ukamchukua, na huko usingizini mlango ukafunguka, mkewe akamtazama miguuni, akasema, "Na viatu hivyo, na vumbi lote hilo, unakwenda navyo wapi?"

Ikawa hivyo. Akipiga mluzi, mkewe anakuja. Asipopiga, analala usingizi mtupu kama gunia. Hawakuzungumza mambo makubwa huko. Mkewe alilalamikia bawaba inayolia, alimwuliza kama amekunywa maji, alikaa kwenye mkono wa kochi akipapasa mshono na kusema hapa umevuta sana. Chumba mara kilikuwa cha nyumbani, mara kilikuwa karakana, mara vumbi la pamba lilikuwa likipanda badala ya kushuka, na kati yao hakuna aliyeshangaa. Chiriku aliamka akiwa amelainika, hata Msimamizi akamwona kama binadamu, mpaka atakapofungua mdomo.

Sasa, siku iliyofuata ile Jumatano, mdomo umevimba kama andazi, alijilaza, akaweka ulimi mahali pake, akapuliza. Upepo mtupu. Akajaribu tena. Ilikuwa kama mtu anayepoza uji. Akalala hivyo hivyo, akauona mlango wa nyumbani kwake mbele yake, umefungwa. Nyuma ya mlango alisikia vijiko, alisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, alisikia kandambili zikienda na kurudi. Yumo ndani. Akabisha. Kandambili zikasimama, kisha zikaendelea na safari zao. Mwanamke yule hakuzoea kumfungulia mtu anayebisha.

Hicho tu ndicho kilichomfanya akubali kwenda kwa daktari wa meno.

Binti yake alitangulia karakanani. Alikaa kwenye kochi la wageni mbele ya ofisi, akawasalimia wakubwa kwa heshima kila walipopita, asubuhi na mchana, mpaka wakaona afadhali wamlipie baba yake matibabu kuliko kuendelea kusalimiwa. Kisha akamshika mzee mkono, wakapanda ngazi za kliniki moja juu ya duka la miwani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini kama ya mtu anayemlaza mtoto.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Ufunguo wa kabati lako uko wapi?"

Daktari akamtazama binti.

"Mjibu tu, daktari," binti akasema. "Ukimjibu atatulia."

"Ninao mfukoni."

"Basi endelea," akasema Chiriku, akafungua kinywa.

Daktari alipiga picha, akaiweka kwenye mwanga. Taya lake lilionekana la kijivu, lenye ukungu, kama mandhari ya nchi ambayo mtu huipitia akiwa na homa. Katikati ya ukungu ule palikuwa na mzizi uliopasuka.

"Kilichobaki lazima kitoke," daktari akasema. "Kutoa si kazi. Wasiwasi wangu ni mfupa. Ule unaoshika jino la mbele, kwa upande wa nje, ni mwembamba kama ganda la yai. Jino likiwepo, mfupa una shughuli. Jino likiondoka, mfupa unabaki hauna la kufanya, na mwili hauufugi mfupa wa bure. Unaula. Miezi michache tu, taya linabonyea. Hapo hata ukitaka kupandikizwa jino jipya, ile skrubu yake haina pa kushika."

"Kumbe hata huko kinywani kuna kupunguzwa kazini."

"Kupo, mzee wangu. Lakini tutaudanganya. Nikishang'oa, tundu nalijaza chembechembe za mfupa, nafunika kwa utando, nashona. Mfupa wako utakuta kuna kitu cha kushikilia, utajijenga humo taratibu. Baada ya miezi kadhaa ukikomaa, ndipo tunapanda jino."

"Chembechembe za mfupa wa nani?"

"Wa ng'ombe. Umesafishwa, yamebaki madini tu."

"Na huyo ng'ombe alikufaje?"

"Baba!"

"Nauliza tu, mama. Isije ikawa naye alikuwa kwenye benchi."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti chake karibu zaidi, na Chiriku akaona kwamba kiti chenyewe ni cha kuzunguka, lakini wakati huo alikwisha kuwa na swali ambalo hakuweza kulibakisha moyoni.

"Jino hilo jipya, litapiga mluzi?"

"Jino nitakupa, na mwanya nitauacha kama ulivyokuwa. Mluzi utautafuta mwenyewe. Ila mfupa usiposhika, mzee wangu, sina pa kulisimamisha, na huo mluzi tuusahau."

Sindano ya ganzi ikaingia, na baada ya muda nusu ya uso wake ikahama. Ilikwenda mahali, ikakaa huko. Taa juu yake ilikuwa na ukingo wa buluu. Daktari hakuvuta mzizi kwa nguvu. Aliulegeza kidogo kidogo, upande huu, upande ule, kama fundi anayechomoa msumari kwenye hariri bila kuichana, na Chiriku, ambaye alikuwa amepania asimsifu mtu yeyote siku hiyo, alijikuta anamwazima heshima kwa muda. Kisha akaona kibakuli kidogo chenye kitu kama chumvi ya mawe. Daktari alikilowesha kwa damu ya Chiriku mwenyewe, akaanza kukipeleka ndani kwa kijiko kidogo kuliko vyote duniani.

Hapo mambo yakachanganyika kwa utulivu. Ilimjia kwamba yeye ndiye kochi. Alikuwa amepinduliwa miguu juu, mtu anajaza kona iliyolegea, na alitaka kumwambia mtu huyo usishindilie, ukishindilia sana kona inafura, lakini makochi hayasemi. Chumba cha pili palikuwa na mteja anayengoja, ameketi kimya. Chiriku alijua ni nani. Alitaka kazi iishe vizuri kwa ajili ya mteja yule.

"Tayari," daktari akasema, akikata uzi.

"Fundo hilo hata sisi tunalo," akasema Chiriku kwa midomo ambayo haikuwa yake.

Yakafuata masharti, na daktari aliyasema akimtazama binti, kwa maana wanaume, alisema, huyasikia kwa sikio la kutokea. Asisukutue kwa nguvu. Asiteme mate kwa kishindo. Asinyonye kitu kwa mrija, asivute sigara, asitie chochote kigumu mdomoni. "Na mluzi, hata wa mzaha, hapana. Ukisukuma pumzi pale utafumua nyuzi, chembe zitatoka, na ganda la yai litabaki peke yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi nitakapokwambia."

Basi akangoja, amepumzishwa nyumbani. Alikula vitu vya kumezwa, alilala amejiinua kwenye mito miwili, alifunika mdomo alipopiga chafya kama mtu anayezuia siri isitoroke. Binti alimchungulia ufizi kila asubuhi, kichwa kikiwa kimeinamishwa, kama anavyowachungulia watoto wake wa chekechea.

"Pameanza kuwa pekundu pazuri, baba."

"Uzuri wa wekundu unaujua wewe."

Kila mchana alipojinyoosha, mlango ulikuwepo. Alikwisha kuacha kubisha. Alisimama tu nje akisikiliza, akiwa ameshika kofia, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Siku za mwanzo vijiko vilikuwa bado vinagongana. Baadaye vijiko vikanyamaza, kikabaki kikombe na kisahani. Kisha kikombe nacho kikakoma, zikabaki kandambili peke yake, zikitembea kwa uvivu, zikisimama zaidi kuliko zinavyotembea. Naye anaisha, Chiriku akawaza. Anaisha kama mfupa. Hapewi la kufanya.

Ikamwingia hesabu ambayo haikumpa raha. Ili ampigie mluzi ni lazima kwanza asipige. Na mtu wa nyuma ya mlango hakuambiwa na daktari yeyote kwamba angoje miezi. Yeye anajua tu kwamba mume hajarudi.

Wiki ya pili ilikuwa haijaisha Msimamizi alipompelekea salamu kwamba kuna kochi la ofisi ya Mkurugenzi, la kitambaa kigumu cha kijani, na hakuna mwingine anayejua kukunja kona zake. Chiriku akaenda. Angeweza kukataa, lakini nyumbani palikuwa kimya mno.

"Karibu, bwana ng'ombe," Gundi akampokea. "Nimeambiwa wamekutia mfupa. Wa dume au wa jike?"

"Wa jike. Ndio maana sikupigi kwa pembe."

"Tusikie basi ukilia kidogo."

"Daktari kakataza sauti zote za burudani."

Wakacheka, naye akacheka kwa nusu ya mdomo, akiuminya ufizi kwa mdomo wa juu usifunguke. Gundi akamtafutia kopo la misumari, akaliweka karibu na goti lake. "Hapo. Mdomo huo sasa ni ghala la watu, usitie kitu."

Kazi ya kopo ni kazi ya adhabu. Kitambaa kigumu kinataka mkono wa kuvuta usikiachie hata kidogo. Ukiinama kuokota msumari, kinalegea, kona inajikunja vibaya, unaanza upya. Chiriku alivuta, akaokota, akagonga, akafumua. Alivuta tena. Jasho likamwingia machoni.

Msimamizi akaja akasimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Siku hizi unadonoa msumari mmoja mmoja kama kuku? Mkurugenzi anakuja na wageni saa tisa."

"Mwambie alete na kiti cha nyumbani kwake."

"Mimi sikukuvunja jino, mzee. Mimi nauliza kochi."

Yangekuwa matusi, Chiriku angeyajibu akamaliza. Lakini neno lilisemwa kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu ambaye amelala vizuri na atalala vizuri tena. Na mkono wa Chiriku, ambao haukuhudhuria kliniki, ambao haukusikia sharti hata moja, ukajichovya kwenye kopo, ukachota kiganja, ukakipeleka mahali pake pa siku zote.

Ladha ya chuma ikamjaa. Ulimi ukaamka, ukaanza kugeuza. Nyundo ikaja, ikanyakua, ikagonga. Ikaja, ikanyakua, ikagonga. Kitambaa kikatii. Kona ya kwanza ikakaa kama bahasha, ya pili ikakaa, na Chiriku akasahau Msimamizi, akasahau daktari, akasahau kwamba ana mdomo. Alikuwa kijana, mikono mitatu, na jioni inakaribia.

Alipomaliza, wenzake walikwisha kula na kutawanyika kwenye kona zao. Aliitema misumari iliyobaki, taratibu, kwa adabu, kiganjani. Hakuona damu. Akapanda juu ya kochi la Mkurugenzi na viatu vyake, akanyoosha miguu, na mwanga wa dirisha la juu ukamfunika kama shuka.

Mlango ulikuwepo. Safari hii hapakuwa na sauti yoyote nyuma yake. Alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Hakuna kijiko, hakuna kandambili. Akaweka kiganja juu ya ubao, ukawa baridi kama ubao wa nyumba iliyohamwa. Na huko alikokuwa, kinywani mwake meno yote yalikuwa kamili. Aliyapitia kwa ulimi, akalikuta lile la mbele limesimama mahali pake kana kwamba halijaenda popote. Hakufikiri. Aliegemeza ulimi, akapiga.

Ulitoka wote. Mwembamba, mrefu, ukipanda mwishoni. Ulikwenda ndani ya nyumba, ukazunguka vyumba, na mahali fulani, mbali kabisa, kiti kikasogezwa.

Mlango ukafunguka. Mkewe alikuwa na kikombe kitupu mkononi. Alikuwa amekonda kidogo pembeni, kama picha iliyokaa juani, lakini macho yalikuwa yaleyale, ya kumpekua mtu mpaka mfukoni.

"Kumbe upo," akasema. "Nilidhani umehama."

"Nilikatazwa kukuita."

"Na nani?"

"Na wenye mamlaka."

Mkewe akaguna, ule mguno wake wa kumwona mumewe hajabadilika. Akasogea pembeni ampishe apite. Kisha akakumbuka kitu, akamshika mkono wa shati, uso ukawa wa mtu mwenye neno la maana alilolihifadhi siku nyingi.

"Na yule..." akaanza.

Kiatu kikagonga mguu wa kochi.

"Mzee! Juu ya kochi la Mkurugenzi? Na viatu?"

Chiriku akafumbua macho. Msimamizi alikuwa amesimama ndani ya mwanga, na vumbi la pamba lilikuwa likishuka, kama linavyotakiwa. Alitaka kumwambia jambo ambalo lingemfukuzisha kazi. Alipofungua mdomo akasikia mchanga. Mchanga juu ya ulimi, mchanga kati ya meno, laini, wenye chumvi, na nyuma yake damu ya vuguvugu.

Gundi alikuwa ameinuka kwenye kona yake. "Chiriku, nimesikia mluzi wako," akasema polepole. "Wallahi nimeusikia. Umepigaje?"

Chiriku alikuwa amefunga mdomo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango.

Daktari alimlaza kwenye kiti siku hiyo hiyo. Alitazama kwa muda mrefu. Nyuzi zilikuwa zimekatika, utando umesogea, na sehemu ya chembe imekwisha kwenda.

"Nini kimetokea, mzee wangu?"

"Msimamizi."

"Msimamizi alikuingia mdomoni?"

"Daktari, huyo huingia kila mahali."

"Baba," akasema binti, ambaye alikuwa ametoka shuleni mbio, chaki bado iko vidoleni. Alisema neno hilo moja tu, na Chiriku akatazama kando.

Daktari akasafisha, akarudisha utando, akashona upya. Akapiga picha. Ile nchi ya ukungu ikatokea tena kwenye mwanga, na wote watatu wakaitazama kama watu wanaosubiri mtu atokee barabarani.

"Upande wa ndani chembe zimekaa," akasema. "Upande wa nje, ule mwembamba, siwezi kusema. Labda ukuta utashika kwa hicho kilichobaki, labda utabonyea. Tusichokonoe. Tungoje, kisha tupige picha nyingine. Ukikubali kushika, utapata jino lako. Usipokubali, mzee wangu, sitakudanganya."

Walishuka ngazi, baba na binti, wakashika barabara. Watu walikuwa wakifunga maduka. Nusu ya uso wa Chiriku ilikuwa bado haijarudi, na mtaa mzima ulimjia kwa mbali, taa zikiwa na ukingo wa buluu.

"Ni misumari au ni mluzi?" binti akauliza. "Niambie ukweli. Sitakugombeza."

Kwa kuwa midomo ya Chiriku haikuwa yake na maneno yalionekana kama ya mtu mwingine, akamwambia. Akamwambia habari za kochi lisilovikwa, mluzi wa mchana, viatu vyenye vumbi. Akamwambia vijiko vilivyonyamaza na kandambili zilizochoka. Akamwambia mlango ulivyofunguka leo, kikombe kitupu, na neno lililokatwa na kiatu cha Msimamizi.

"Ningemsikia mpaka mwisho," akasema, "kama si yule mshenzi."

Binti alikuwa amesimama. Magari yalipita, yakamulika uso wake, yakauacha. Chiriku alidhani atamcheka, au atalia, au atasema habari za daktari wa aina nyingine. Badala yake alimshika mkono wa shati, palepale alipokuwa ameshikwa mchana, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyesimama mlangoni mwa chumba cha wazazi.

"'Na yule,'" akarudia. "Baba, alikuwa anataka kusema mimi?"